Shahada Unayo, Cheti cha Nini Tena?

Swali hilo aliniuliza mjomba wangu wa Jang'ombe, hapa Unguja, siku ya Iddi, sahani ya pilau iko mbele yake. Mama alikuwa kamwambia kwamba nimeomba kusomea "cheti" cha kazi ya ulezi wa wanafunzi kwenye chuo kimoja cha Marekani kwa njia ya mtandao, na habari ile haikumkaa akilini. Kwetu mtu huanza na cheti, akapanda stashahada, ndipo akafika shahada. Mwenye shahada kurudi kwenye cheti, kwa hesabu ya mjomba, ni sawa na abiria aliyekwisha shuka Mkoani, Pemba, kupanda tena meli arudi bandari ya Malindi, Unguja, akakate tiketi.

Nilimjibu haraka haraka, na nilipofika nyumbani nikaona sikumjibu. Tangu siku ile nimeulizwa vivyo hivyo na wenzangu wa vyuo vya Tunguu, na wasimamizi wa dakhalia, yaani mabweni, na mwalimu mmoja wa Chake Chake anayetaka kujiunga lakini anachelea kupoteza fedha zake. Kwa hiyo naandika jibu refu.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linaloleta matata. Cheti tulichokizoea ni astashahada, kile anachosomea kijana aliyemaliza skuli. Cheti ninachokizungumzia Wamarekani hukiita "graduate certificate", nami nitakiita cheti cha uzamili. Huingii bila shahada ya kwanza. Masomo yake ni yale yale wanayosoma wa shahada ya uzamili, mara nyingi katika darasa moja nao. Tofauti ni wingi: kwa kawaida kozi nne hadi sita, bila tasnifu. Vyuo vingi humruhusu aliyemaliza, akitaka kuendelea na uzamili hapo hapo, azihamishe kozi zile zihesabiwe. Ukipenda, ni upande mmoja wa kanga: kitambaa ni kile kile, rangi ni zile zile, ila hujanunua doti nzima.

Fani yenyewe huitwa "student affairs". Ni kila kinachompata mwanafunzi akiwa chuoni nje ya mhadhara: dakhalia, nidhamu, ushauri nasaha, serikali ya wanafunzi, ugonjwa, ulemavu, ada iliyokwama, mimba, msiba wa kwao, ugomvi wa chumbani. Kwetu mambo haya yote huishia kwenye meza ya mlezi wa wanafunzi na wasaidizi wake. Na mlezi huyo tunampataje? Tunamtafuta mtu mpole, mcha Mungu, anayesikilizwa na vijana, tunampa ufunguo wa ofisi, anaanza Jumatatu. Mimi nilikuwa mwalimu wa Historia skuli ya sekondari. Nilipohamia chuoni nilikabidhiwa faili la malalamiko ya dakhalia na daftari la wagonjwa, basi. Hakuna aliyenifunza, na kusema kweli hakukuwa na wa kunifunza.

Hilo lina sababu yake. Vyuo vikuu ni wageni hapa visiwani. Zanzibar University ya Tunguu na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni SUMAIT, vilianza 1998. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, sheria yake ilipitishwa 1999 na kikaanza kusomesha 2001. Kabla ya hapo kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka shahada alivuka kwenda Bara au alipanda ndege. Kwa hiyo wasimamizi wa mwanzo wa dakhalia zetu wengine bado wako kazini. Kazi hii haina wazee wa kuulizwa. Na huku hatujakaa sawa, kazi inazidi kupanuka: 2023 IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, ilifungua kampasi yake ya kwanza ya nje hapa Unguja, na pale wanasoma vijana wa nchi mbalimbali.

Wamarekani wao walianza miaka mia na ushei iliyopita. Chama cha walezi wa wanafunzi kinachoitwa NASPA kilianza 1919, mwenzake ACPA 1924. Mwaka 1937 Baraza la Elimu la nchi ile lilitoa tamko kwamba chuo kimtazame mwanafunzi mzima mzima, afya yake, tabia yake, riziki yake na imani yake, si akili yake tu. Mwaka 2015 vyama vile viwili vilirekebisha orodha ya maeneo kumi ambayo mtu wa kazi hii anapaswa kuyamudu: maadili yake mwenyewe, historia ya fani, tathmini na utafiti, sheria na sera, usimamizi wa watu na fedha, uongozi, haki na ujumuishi, jinsi mwanafunzi anavyojifunza na kukua, teknolojia, na kushauri. Ukiona tangazo la cheti hiki, utayakuta mengi ya maeneo hayo yamegeuzwa kuwa majina ya kozi. Jina likiwa na neno uongozi, tazamia kwamba sheria, bajeti na kusimamia wafanyakazi vitapewa uzito zaidi kuliko ushauri. Lisome tangazo kozi moja moja, kwa sababu vyeti viwili vyenye jina moja vinaweza kuwa vitu viwili mbalimbali.

Sasa nitue kidogo kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha elimu hii, nalo ni suala la mzazi.

Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani vilijiona vimesimama mahali pa baba na mama. Mzazi haitishi kikao akitaka kumwadhibu mwanawe, basi na chuo vivyo hivyo. Hali ile ilitikiswa na vijana wa Alabama. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa chuo cha serikali mjini Montgomery waliingia katika mgahawa wa Wazungu tu, uliokuwa ndani ya jengo la mahakama, wakataka kuhudumiwa. Chuo kikawafukuza baadhi yao bila ya kuwasikiliza. Wakashitaki, na 1961 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba chuo cha umma hakimfukuzi mwanafunzi mpaka kimweleze anashutumiwa nini na kimpe nafasi ya kujitetea. Mwaka 1974 ikaja sheria ya kumbukumbu za masomo: mtu akishaingia chuo, haki juu ya matokeo yake hutoka mikononi mwa mzazi, huwa yake.

Yachukue hayo uje nayo Unguja. Simu inalia, baba yuko Micheweni, Pemba. "Mwalimu, asalamu alaykum. Mwanangu huyu nilikukabidhini mwenyewe kwa mkono wangu. Nambie kafaulu au hakufaulu?" Mwanawe ana miaka 22. Mzee huyu kauza karafuu za msimu mzima kumleta binti yake hapa. Siku anamleta alikaa kwenye kiti cha ofisi yangu na kofia yake ya kiua mapajani, akasema maneno ya kukabidhi kama anavyokabidhi mtu amana. Nikimjibu kwamba sheria hainiruhusu, nitakuwa nimemvunjia heshima, na kwa kweli hatanielewa. Nikimwambia matokeo, nitakuwa nimemvua binti nguo mbele ya baba yake bila ya yeye kuwepo.

Cheti hakikunipa jibu la swali hili. Hakuna mhadhiri wa kule anayemjua baba wa Micheweni. Kilichonipa ni namna ya kuligawa swali: amana ni ya nani, siri ni ya nani, madhara yakitokea yatamwangukia nani. Siku hizi namwambia mzee, "Baba, nipe mpaka alasiri." Namwita binti, namweleza kwamba baba yake kauliza, namuuliza yeye anataka nini. Mara nyingi hupiga simu mwenyewe akiwa amekaa mbele yangu, naye hueleza zaidi ya vile ambavyo mimi ningeeleza. Yule asiyetaka, huwa kuna sababu, na sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ofisi yetu imejengwa hapo katikati, mama keshamwachia na ulimwengu bado haujamshika sawasawa.

Kuna jengine lililonifaa zaidi ya nilivyotarajia. Mtaalamu aitwaye Nancy Schlossberg alianza 1981 kuandika juu ya namna mtu mzima anavyovuka kutoka hali moja kwenda nyengine. Anataka utazame mambo manne: hali iliyomkuta mtu, nafsi yake, watu wanaomshika mkono, na mbinu anazozitumia. Mwanafunzi wa Pemba anayeshuka Malindi kwa mara ya kwanza na sanduku lake, hajui daladala la Tunguu anapandia wapi, unaweza kumpitisha kwenye manne hayo ukaona wapi pamepungua. Lakini lililonigusa ni kwamba Schlossberg anahesabu pia jambo lililotazamiwa lisitokee. Posa isiyokuja, fedha zisizotumwa, barua isiyojibiwa. Sisi kwenye fomu zetu tunaandika yaliyotokea: kaugua, kafiwa, kagombana. Lisilotokea halina kisanduku, na mwanafunzi mwenyewe hajui ataliombea nini ruhusa.

Yapo na yasiyovuka bahari. Sehemu ya kozi ya sheria ni sheria za Marekani, nawe utaisoma ukijua kwamba hutaitumia. Yazibe mapengo mwenyewe kwa kusoma zetu, kwa mfano Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa na Bunge mwaka 2022, na kanuni za nidhamu za chuo chako, ambazo nakuhakikishia hujazisoma zote. Habari za vyama vya wanafunzi vyenye majina ya herufi za Kigiriki zipite tu. Kwenye ushauri nasaha uwe makini zaidi: cheti hiki hakimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa afya ya akili. Kinamfundisha kusikiliza, kutambua hatari na kujua saa ya kumpeleka mtu kwa wenye kazi yao. Nimeona wazazi wakishtuka wakitajiwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili. Kumsindikiza mwanafunzi mpaka pale na kumtuliza mama yake ni ufundi wa peke yake, na huo hutausoma kwenye kitabu cha mtu wa Ohio.

Tuje kwenye krediti, panapowachanganya wengi. Utaona cheti cha Marekani kina krediti 12, cha Uingereza kina 60, ukadhani cha Uingereza ni kikubwa mara tano. Mizani si moja. Tanzania na Uingereza huhesabu krediti moja kuwa saa kumi za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje yake; ndiyo maana shahada yetu ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti moja ya Marekani ni saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Hizo ni saa 45. Zidisha kwa 12 upate saa 540. Cheti cha Uingereza cha krediti 60 ni saa 600. Kumbe vinakaribiana. Kwa mizani yetu, krediti 12 za Marekani ni kama 54, chini ya nusu ya mwaka mmoja wa masomo. Saa hizo 540 zigawe kwa wiki zako. Ukisoma kozi moja ya krediti tatu kila muhula ni saa tisa kwa wiki. Ukichukua mbili ni 18, na hizo juu ya ajira na nyumba si mchezo.

Na saa zenyewe ziko lini? Kabla hujalipa, uliza kama darasa ni la mubashara au la kujisomea kwa wakati wako. Darasa la saa 12 jioni mjini New York kwetu ni saa 7 usiku, na wakirudisha saa zao nyuma, Jumapili ya kwanza ya Novemba, linakuwa saa 8. La Chicago linaangukia saa 9, saa za watu wasio na kazi ila kulala, au Ramadhani, za kula daku. Nilisoma hivyo muhula mmoja. Taa ya sebuleni, sauti ya chini, mtoto amelala kwenye busati pembeni, na umeme ukikatika natumia simu mpaka chaji iishe. Muhula wa pili nilichagua kozi za kujisomea tu. Kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa kazi hiyo hiyo. Geni ni kuwa mwanafunzi peke yako katika saa zako.

Cheti cha mtandaoni hakihitaji viza na wala hakileti viza. Anayekwambia kwamba ukilipia kozi za mtandaoni utapata njia ya kwenda kuishi Marekani anakudanganya. Viza ya mwanafunzi hutaka usome huko kwa muda wote, na kwa kila muhula kozi ya mtandaoni inayohesabiwa kwenye muda huo ni moja tu.

Ada kule hutozwa kwa krediti. Tuseme chuo kinataka dola 500 kwa krediti. Kwa krediti 12 ni dola 6,000, bila ya kuhesabu ada ya teknolojia na vitabu. Uliza pia kama mwanafunzi wa nje ya jimbo au wa nje ya nchi ana bei yake, maana tofauti inaweza kuwa kubwa. Mikopo ya serikali yao ni ya raia wao na wakaazi wa aina maalumu, usiihesabu. Muulize mwajiri wako kama atachangia, na la muhimu zaidi, muulize ofisa utumishi, kwa maandishi, kama cheti hiki kitatambuliwa kwenye daraja lako. Watu wamegombana na ofisi zao kwa kudhani tu.

Utambuzi nao una mlango wake. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo vyuo vikuu vya Zanzibar na tuzo za nje za ngazi hiyo ziko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Huko ndiko tuzo ya nje hupelekwa kulinganishwa na za kwetu. Chuo unachokitaka kihakikishe mapema: kiwe na ithibati ya chombo kinachotambuliwa na serikali ya Marekani. Tazama ithibati ya chuo kizima, kwa kuwa vyeti vidogo kama hivi mara nyingi havina ithibati yake peke yake. Na usilipe pahala ambapo unaambiwa utapata cheti kwa wiki mbili kwa sababu "una uzoefu".

Je, kinamfaa nani? Kwa maoni yangu kinamfaa aliyekwisha kuwamo kazini, mwenye faili za kweli mezani, anayetaka jina la vitu anavyovifanya kila siku na njia ya kuvifanya vizuri zaidi. Anayetafuta kazi ya kwanza, au anayetaka kuwa mhadhiri, fedha zake azipeleke kwenye shahada nzima ya uzamili. Na anayetaka cheti cha kutundika ukutani namsihi asichukue nafasi hii, dakhalia zetu zina haja ya watu wa kuzijua.

Maombi hayana mengi: nakala rasmi ya matokeo ya shahada, barua za watu wawili au watatu wanaokujua kikazi, mara nyingi mtihani wa Kiingereza, na maelezo binafsi ya ukurasa mmoja au miwili. Hayo maelezo ndiyo wanayoyasoma kwa makini. Wengi wetu huandika kwamba tunapenda kusaidia vijana. Andika badala yake siku moja ambayo hukujua la kufanya.

Mimi niliandika juu ya msichana wa mwaka wa pili aliyekuja asubuhi moja kuomba barua ya kwendea hospitali. "Shikamoo mwalimu. Tumbo linaniuma." Nilimjibu marahaba, sikumtazama sana, kulikuwa na foleni. Niliandika barua, nikapiga muhuri, nikampa, mkono wake ukatetemeka alipoipokea. Baada ya siku mbili mwenzake wa chumbani akaja kuniambia kwamba kaka wa msichana yule, aliyeko Maskati, anayemtumia fedha, ana miezi miwili hajatuma, na yule mtoto tangu Ijumaa anakula andazi moja kwa siku na chai kavu. Hospitali hakwenda. Barua yangu ilikutwa ndani ya daftari lake, imekunjwa mara nne, muhuri umetoka vizuri sana.